Fomu ya Kinyume ya Bi Kesho

Katika watu wote niliowahi kufanya nao kazi, mwoga kuliko wote alikuwa mwalimu wa ushauri wa shule yetu. Mimi ni karani wa shule. Dirisha langu linatazamana na mlango wake, na kwa miaka kumi na minane nimewaona walimu wanaoogopa wanafunzi, wanaoogopa wazazi na wanaomwogopa mkuu wa shule. Huyu aliwaogopa wote hao, na woga ukabaki wa akiba. Aliogopa lifti, mbwa, simu inayoita zaidi ya mara tatu na bahasha yoyote yenye mhuri. Akifunga mlango wake jioni, alirudi kuusukuma, akaondoka, akarudi tena. Siku moja nilimwambia kupitia dirishani, "Mwalimu, umefunga. Hata mwizi ameshakata tamaa." Alicheka kwa adabu, kisha akausukuma mara ya nne.

Wanafunzi walimwita Bi Kesho. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa wa mwaka wa mwisho kwa ajili ya vyuo na kazi, na hakuna aliyepita mbele ya mlango wake bila kuulizwa, "Kesho utakuwa wapi?" Mwenye jibu alipewa karatasi ya kuliandika. Asiye na jibu alipewa kiti.

Aliwafundisha mambo ambayo walimu wengine hawakuyaona kuwa somo. Aliwafundisha kubisha hodi kwenye ofisi na kungoja wajibiwe. Aliwafundisha kusema "sijui, naomba unielekeze" bila kuinamisha kichwa. Ukiwa kazini, simu izimwe, siyo kunyamazishwa tu, izimwe na iwekwe kwenye droo. Usiondoke mahali ulipowekwa mpaka aliyekuweka akuruhusu. Na fomu, iwe ya chuo, ya kazi au ya kuazima jembe, isomwe hadi mstari wa mwisho kabla hujaandika herufi moja. Hilo la mwisho alilirudia mpaka watoto wakawa wanamwigiza uwanjani, mmoja ameshika kijiti kama kalamu, mwingine anapaza sauti nyembamba, "Mstari wa mwisho, wanangu, mstari wa mwisho!"

Kila muhula aliandaa usaili wa majaribio kwenye maktaba. Wasaili walikuwa watatu: mpishi wa shule, mlinzi wa getini, na mimi. Mimi niliwekwa wa mwisho. "Mkimweza karani," aliwaambia, "hakuna mwajiri atakayewababaisha." Niliichukua hiyo kama sifa. Siku ya usaili nilivaa miwani ambayo siihitaji, nikakunja uso, na vijana wenye vifua vipana walifika mbele yangu wakasahau majina yao wenyewe.

Binti yangu wa pekee alikuwa katika darasa hilo. Alimjibu mpishi vizuri. Alimchekesha mlinzi mpaka akapiga meza. Alipofika kwangu akawa bubu. Nilimuuliza swali rahisi kuliko yote, "Unataka kufanya kazi gani?" Akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo linalopanda ghorofa mwaka wa pili sasa, na juu yake kreni ndefu ya njano ilikuwa ikigeuka polepole na mzigo wa nondo. Nilimpa sifuri, nikaandika kwa wino mwekundu: hana msimamo. Jioni yake nilimsema mpaka chakula kikapoa mezani.

Sikuona ubaya wowote. Nyumbani kwangu kulikuwa na nidhamu, na kazini nilikuwa najisifia. Majirani zangu wana watoto wanaofungulia redio mpaka vioo vinatetemeka. Mimi, nilikuwa nasema, sijawahi kurudi nyumbani nikakuta hata redio inazungumza. Bi Kesho aliposikia hayo alinitazama kidogo tu, akaendelea kuchonga penseli.

Suala la kazi ya binti yangu nilikuwa nimeshalimaliza tangu akiwa darasa la tano. Angekuwa muuguzi. Ni kazi ya heshima, haina jua, na miguu ya mtu inabaki ardhini. Hilo la ardhini lina maana kwangu, kwa sababu nikipanda kiti tu kubadilisha balbu magoti yananigongana. Nilipomwambia kwamba ataomba chuo cha uuguzi alijibu, "Sawa, mama." Kila kitu alinijibu sawa, mama.

Sasa niieleze fomu ya kinyume, maana ndiyo iliyotuponza.

Vyuo vyote vinaombwa kwa fomu moja, kozi moja, na ukishaiwasilisha hakuna kubadili mpaka mwaka upite. Bi Kesho hakutaka wanafunzi wakutane na fomu hiyo kwa mara ya kwanza siku ya ukweli. Basi mwezi mmoja kabla, kila mwanafunzi alijaza fomu ya mazoezi, na sharti lilikuwa moja: achague kozi asiyoitaka hata kwa dawa. Alisema mtu akiandika anachokipenda mkono unakimbia, lakini akiandika anachokichukia anasoma kila neno. Wavivu wa hesabu walichagua uhasibu. Kijana mmoja anayezimia akiona damu alichagua upasuaji. Ilikuwa siku ya kicheko, na mwishoni Bi Kesho alikusanya karatasi zote na kuzichana mbele yao.

Wakati fulani, tukiwa tunangoja mvua ipungue, aliniambia fomu hiyo ya kinyume ilikotoka. Fomu yake mwenyewe ilijazwa na baba yake mkubwa. Yeye alitaka kuchora ramani. Alijua amekuwa mwalimu siku majina yalipobandikwa ukutani. "Kazi hii siichukii," alisema. "Ila sikuulizwa." Nilimwambia wakubwa wanajua zaidi. Akasema labda, na akaenda kuusukuma mlango wake.

Mwaka huo mambo yalibadilika. Shule ilipata chumba cha kompyuta, na mkuu wa shule akatangaza kwamba karatasi ni za zamani, mazoezi yafanyike kwenye mfumo wenyewe wa maombi. Bi Kesho aliogopa wiki nzima. Nilimwelekeza mimi: kuna kitufe cha kuhifadhi na kitufe cha kuwasilisha. Wahifadhi tu, wasiwasilishe, baadaye kila mmoja atarudi kwa muda wake, afute, aandike ya kweli, kisha awasilishe. Ni jambo la mtoto mdogo, nilimwambia. Akaniuliza kama nimeusoma ukurasa wa mfumo ule hadi chini. Nikamwambia nimesoma. Sikuwa nimesoma.

Siku ya kinyume binti yangu alichagua uendeshaji wa mitambo ya ujenzi. Nilipita nyuma ya kiti chake, nikaona, nikacheka kwa sauti. "Hapo umepatia," nilisema. "Wewe na kreni!" Naye akacheka. Nakumbuka nilifurahi, kwa sababu ilikuwa imepita muda hatujacheka pamoja.

Wiki mbili baadaye nilimuuliza, "Umemaliza ile fomu?" Akajibu, "Nimemaliza, mama." Kwenye daftari la Bi Kesho, wanafunzi wote arobaini na mmoja waliweka alama kuwa wamemaliza. Wakasambazwa kwa wiki ya kujifunza kazi, huyu gereji, yule benki, na binti yangu hospitali kuu, ghorofa ya sita, kusaidia kazi ndogondogo za wodini. Nafasi hiyo niliitafuta mwenyewe.

Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni. Ijumaa hiyo saa saba mchana Bi Kesho aligonga dirisha langu.

"Dada, nifungulie orodha kwenye kompyuta. Niwaangalie mara moja tu."

"Si wote wameweka alama?"

"Wameweka. Niangalie tu."

"Unarudi kusukuma mlango," nilimwambia, lakini nilifungua. Majina yakajipanga. Mbele ya kila jina paliandikwa: imewasilishwa, imewasilishwa, imewasilishwa. Nilikuwa nateremka kwenye orodha huku namtania. Nilipofika jina la thelathini na tatu utani uliisha. Lilikuwa jina la binti yangu, na mbele yake: imehifadhiwa. Kozi: uendeshaji wa mitambo ya ujenzi.

"Hajarudi kubadilisha," Bi Kesho alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Basi saa kumi ikifika itafutika. Atakuwa hana fomu kabisa!"

 Alikuwa ameinamia skrini, anasoma maandishi madogo ya chini kabisa, yale ambayo mimi nilisema nimeyasoma. Aliyasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Fomu zote zilizohifadhiwa zitahesabiwa kuwa zimewasilishwa muda utakapofika." Kisha akakaa chini, na hakukuwa na kiti. Alikaa kwenye rundo la madaftari.

 Akilini nilimwona binti yangu juu kabisa ndani ya kile kibanda cha kioo cha kreni, upepo unakitikisa, na mimi chini siwezi kumfikia. Nikatokwa na povu. Nilimwambia yeye na michezo yake ya kinyume ndio wamemuua mwanangu. Nilimwambia mwoga hafai kupewa watoto wa watu. Mengine siyaandiki. Alinisikiliza akiwa amekaa palepale kwenye madaftari, mikono magotini, kama mwanafunzi.

Nilipoishiwa pumzi akasema, "Muda bado upo."

Ulikuwepo, lakini kubadilisha fomu kulihitaji mambo mawili. Kwanza, ibadilishwe kwenye kompyuta ya shule. Pili, mfumo ungetuma namba ya siri kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe, na bila namba hiyo hakuna kinachoguswa. Nilipiga simu ya binti yangu. Ilikuwa imezimwa. Nilipiga tena na tena, kisha nikapiga simu ya mezani ya hospitali, ikaita mpaka ikachoka.

"Ameizima," Bi Kesho alisema. "Iko kwenye droo. Nimewafundisha mimi." Na ulipowekwa usiondoke. Hilo pia alikuwa amewafundisha yeye.

Mmoja wetu alilazimika kwenda na mwingine abaki kwenye kompyuta. Yeye alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, tena akiogopa kwamba herufi zitamshtaki. Kwa hiyo nilibaki mimi. Alichukua mkoba wake, akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliuacha mlango wake wazi.

Saa mbili zilizofuata simtakii hata adui. Nilikaa mbele ya skrini, fomu imefunguliwa, msimbo wa chuo cha uuguzi nimeuandika kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa. Mzazi mmoja alikuja kuulizia cheti, nikamwambia arudi Jumatatu kabla hajamaliza salamu. Ng'ambo ya barabara kreni ilikuwa inageuka. Sijawahi kuchukia chuma kama nilivyokichukia kile. Saa nane na nusu nilikwenda chooni mbio na kurudi mbio. Saa tisa nilianza kuomba. Saa tisa na robo nikaanza kumlaani Bi Kesho kwa sababu nilijua anaogopa lifti, na ghorofa ya sita kwa ngazi, kwa mwanamke wa umri ule, ni safari.

Saa tisa na dakika thelathini na tano simu iliita.

"Nimemwona," alisema. Alikuwa anahema. "Nimepanda lifti."

"Mpe simu! Mwambie awashe simu yake, nabonyeza sasa hivi!"

Nilisikia magurudumu ya kitanda yanapita, nikasikia sauti ya binti yangu ikisema maneno mengi mfululizo, kwa haraka, sauti imepanda. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Sikuyapata hata moja.

"Mwalimu! Umelala? Mpe simu!"

"Dada," Bi Kesho alisema. "Dada, nisamehe." Simu ikakatika.

Nikapiga. Imezimwa. Yule mwanamke, ambaye simu ikiita mara ya tatu alikuwa anatetemeka, alikuwa amenizimia simu. Nilipiga mara kumi na moja. Nilisimama, nikakaa. Nilifikiri nikimbie mwenyewe, lakini hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji na dakika zilikuwa ishirini. Kisha zikawa kumi. Kisha nikawa natazama tu ile saa ndogo kwenye kona ya skrini, mikono yote miwili imeshika meza. Saa kumi ilipofika hakuna kengele iliyolia. Neno moja tu lilibadilika: imewasilishwa.

Bi Kesho alirudi saa kumi na moja kasoro. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga, nasema ukweli. Aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akaketi. 

"Nimeogopa sana leo," alisema. "Mkuu wa shule anaweza kunifukuza, najua. Wewe unaweza kunishtaki. Sema utakavyo, lakini nisikilize kwanza."

Akanieleza. Alimkuta binti yangu anakunja shuka. Alimwambia kuna kosa limetokea, awashe simu upesi. Binti yangu akasema hakuna kosa lolote. Alisema, "Mwalimu, ulitufundisha tusome hadi mstari wa mwisho. Mimi nilisoma. Nilijua ikihifadhiwa inatosha."

"Alijua?" niliuliza.

"Katika wanafunzi arobaini na mmoja, yeye peke yake ndiye aliyesoma. Na mimi mwalimu wake sikusoma."

Nikamwambia hiyo haielezi kitu. Mtoto mwenye akili anamwambia mama yake. Anakaa naye mezani anamwambia, mama, mimi sitaki hiki, nataka kile. Bi Kesho aliniacha nimalize. Kisha akasema, na alikuwa anatazama sakafu:

"Nilimuuliza hivyohivyo. Nilimwambia, kwa nini ukaandika unachokipenda kwenye fomu ya kinyume? Akasema ndiyo karatasi pekee ambayo mama angeiona na kucheka."

 Nilikumbuka kicheko changu nyuma ya kiti chake.

"Aliniomba kitu kimoja tu," Bi Kesho aliendelea. "Aliniomba usijue mpaka saa kumi ipite. Alinishika mkono, dada. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya mgonjwa. Mimi naogopa vitu vingi, wewe unanicheka kila siku na una haki. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama mtoto yule anavyokuogopa wewe."

Nilitaka kusema ni uongo. Nilitafuta sentensi moja, siku moja, ambayo binti yangu alinipinga, nimtupie usoni. Nilirudi mwaka mmoja nyuma, nikarudi mitano. Sawa, mama. Nimemaliza, mama. Ndiyo, mama. Nilichokipata ni sifuri niliyoandika kwa wino mwekundu, na mtoto aliyenijibu kwa kutazama dirishani wakati jibu lenyewe lilikuwa linageuka juu ya paa mbele yangu.

Bi Kesho aliinuka. Alisema binti yangu ameruhusiwa kutoka mapema na ameshafika nyumbani. "Hajui kama nimeshakwambia," alisema. "Nenda polepole." Akatoka, akavuka ukumbi, akaufunga mlango wake na kuusukuma mara moja. Nilingoja arudi. Hakurudi.

Nilitoka kazini kabla ya muda wangu. Njiani nilijaribu kupanga la kusema na kila nililopanga lilikuwa na ukali ndani yake, hata lile la kuomba radhi. Nilipita chini ya lile jengo, nikajilazimisha kutazama juu. Kreni ilikuwa imesimama. Kibanda cha kioo kilikuwa kidogo kuliko sanduku la viatu, na magoti yalinigongana nikiwa nimesimama ardhini.

Nilipokaribia nyumbani nilisikia redio. Nilidhani ni ya jirani. Nikasogea, na ilikuwa ya kwangu, imefunguliwa mpaka mwisho, na juu yake mtu alikuwa anaimba. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima, imejaa furaha, na ilinichukua muda kukubali kwamba ni ya binti yangu. Nilisimama nisikilize. Kisha nikaingiza mkono mkobani kutafuta funguo, na funguo zikalia.

Redio ikazimwa palepale. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nikasikia miguu inakwenda haraka, kiti kinarudishwa mahali pake, kisha kimya, kile kimya changu nilichokisifia kazini miaka yote.

Nilibaki mlangoni na ufunguo mkononi, nikiogopa kama Bi Kesho. Sikuuingiza ufunguo. Nikabisha hodi, nikangoja nijibiwe.